Kurasa Mbili Zilizonishinda

"Mama Wambui, kwani wewe si wakili tayari?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu hapa Loresho, jioni moja ya Novemba 2018, aliponikuta nimetandaza vyeti vya zamani meza nzima hata watoto hawana pa kuwekea sahani. Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kipuuzi. Hapa Kenya mtu huwa wakili kwa kupata shahada ya kwanza ya sheria, kisha stashahada ya chuo cha mawakili kule Karen, halafu akaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Shahada ya uzamili haimwongezei hata nukta moja ya haki ya kusimama mahakamani. Na karo yake si ya mchezo, msomaji mpenzi, hasa kwa mama ambaye kifungua mimba wake amefanya mtihani wa darasa la nane na anangoja kuitwa kidato cha kwanza Januari.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua. Mume wangu naye, baada ya kuguna siku mbili, alisema tujaribu.

Vyeti havikunisumbua sana. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini mara nyingi huombwa aonyeshe alichokifanya kazini. Mimi nilikuwa nimeponea chupuchupu. Barua za walimu ndizo zilizonitoa jasho kidogo. Nilipanda matatu hadi Westlands, nikatembea hadi kitivo cha sheria pale Parklands, na kumkuta mwalimu wangu wa zamani ambaye kwanza alinitazama kama mtu anayetafuta ofisi ya karo. Kijana unayesoma sasa, waamkie walimu wako hata baada ya kuhitimu. Mzee huyo aliponikumbuka hatimaye alianza kunipigia hadithi za enzi zake: jinsi kitivo hicho kilivyoanzishwa 1970, na jinsi kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kusomea sheria katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki alivyokwenda Dar es Salaam, kilikoanza kufundishwa 1961. Akanikumbusha kwamba hata Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu kuanzia 2011 hadi 2016, alipata shahada zake mbili za kwanza huko huko Dar. Barua aliniandikia.

Kilichonishinda ni kurasa mbili tu. Mwombaji hutakiwa kueleza anataka kuchunguza nini, na kwa nini yeye. Usiku wa kwanza niliandika kwamba tangu utotoni niliipenda haki. Mume wangu alisoma, akaniuliza kama nagombea udiwani.

Usiku wa pili niliandika jambo lenyewe, urithi wa mabinti. Sheria yetu ya Urithi ilianza kutumika 1981. Kifungu cha 38 kinasema wazazi wote wawili wakifa bila wosia, mali yao hugawanywa sawa kwa watoto. Kinasema watoto, hakisemi wavulana. Mwaka wa 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe fungu dogo kwa kuwa huenda wakaolewa. Kisha Katiba ya 2010 ikakataza ubaguzi wa kijinsia waziwazi. Mbona basi mashambani mabinti wengi hawaendi hata kudai? Hilo ndilo nililotaka kulichunguza. Niliona nimeandika vizuri.

Jumamosi hiyo kaka yangu akaja kutoka Murang'a na gunia la viazi. Ndiye mkubwa wetu. Wazazi walipofariki, shamba la majani chai lilibaki mikononi mwake, na hakuna aliyeuliza. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi nilimkuta ameshika karatasi zangu, akifuata mistari kwa kidole, polepole, maana Kiingereza cha shule kilikuwa kimemtoka.

"Wakili," akasema, "huyu kaka aliyechukua shamba ni mimi?"

"Sikuandika jina, Kaka."

"Na karo yako ya chuo ilitoka wapi? Umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Ilitoka kwenye majani chai. Kila mwaka bonasi ilipolipwa alikuja Nairobi mwenyewe, pesa akiwa amezishona ndani ya koti, akanikabidhi zote. Watoto wake walivaa viatu baadaye. Niliona aibu, nikatazama viazi.

Kisha nikamkumbuka dada yetu. Yeye aliacha shule darasa la saba. Hana shamba wala shahada. Huuza sukumawiki Kangemi, hapa karibu, na kaka hupita mbele ya meza yake kila anapokuja kwangu.

"Yangu nilipewa, Kaka, na nashukuru," nikamwambia. "Ya Dada ni ipi?"

Hakujibu. Alikunywa chai, akaomba aonyeshwe njia ya kituo ingawa anaijua, akaenda. Nilidhani nimempoteza ndugu kwa ajili ya karatasi mbili. Usiku wa tatu niliziandika upya: shamba, bonasi, koti, na dada yangu aliyekaa nje ya hesabu hiyo yote. Zilikuwa kurasa fupi kuliko za mwanzo. Nilizituma bila kumwonyesha mtu.

Nilipokea barua ya kukubaliwa, na nilisoma nikiwa nafanya kazi, jioni kwa jioni. Kuhusu karo ya kidato cha kwanza, tulikopa chama.

Kaka alikaa kimya hadi Krismasi ilipokaribia. Ndipo akapiga simu usiku, bila hata salamu ndefu, akaniuliza kama shamba linaweza kugawanywa bila kung'oa chai. Nikamwambia linaweza, kinachokatwa ni mpaka, si miti. Akasema atafikiri wakishamaliza kupogoa.

Tangu siku hiyo dada hupokea kitu kila bonasi inapotoka. Hati ya shamba hata leo bado ina jina la baba.