Si Macho ya Babu, Ni Skrini

Wasee wa Isiolo, tuache kuwatuma wazee wetu wakanunue miwani kila wakilalamika herufi za kompyuta ni ndogo. Wakati mwingine macho yako sawa kabisa. Mwenye shida ni laptopu.

Hizi laptopu za mtumba tunazofurahia, zingine zina skrini ya 4K: pikseli 3840 kwa 2160, zote zimebanwa kwa inchi 15.6. Ukiacha Windows kwa asilimia 100, yenyewe inahesabu pikseli 96 kwa kila inchi. Skrini hiyo ina kama 282. Kwa hivyo ikoni ya pikseli 48, iliyotakiwa kuwa na upana wa nusu inchi, inatokea ikiwa na milimita nne na kidogo. Hiyo hata mimi sioni, na niko na miaka 22.

Mwezi jana nilimsindikiza babu saiba moja hapa mjini, tunajaza fomu ya basari ya binamu yangu. Skrini kali, herufi kama sisimizi. Kijana akamaliza kuchapa, akauliza, "Mzee, iko sawa?" Babu akaitikia. Alikuwa haoni kitu, lakini nani anataka kusema hivyo mbele ya foleni? Nikashika Ctrl, nikabonyeza alama ya kujumlisha mara nne. Babu akainama, akasoma namba yake ya simu polepole. "Hapana. Mwisho ni 47, si 74." Basari ingepigia mtu mwingine kabisa!

Sasa, wengi wakitaka vitu viwe vikubwa wanapunguza rezolusheni, mpaka 1366 kwa 768. Usifanye hivyo. 3840 haigawanyiki sawasawa kwa 1366, kwa hivyo kila herufi inatoka na ukungu, na ile skrini uliyolipia pesa mingi inakuwa kazi bure. Bonyeza kulia kwa mouse, ingia "Display settings", tafuta "Scale", weka 200. Pikseli zote zinabaki kazini, ila herufi zinachorwa upya zikiwa kubwa na safi.

Programu chache za zamani zitakuwa na ukungu hata hapo, kwa sababu hazijui kujichora upya, basi Windows inazivuta tu kama picha. Hiyo sasa mlaumu aliyeziandika. Babu msimguse.