Moshi wa Tanuu

Rafiki yangu wa idara ya kemia aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili muhtasari wa utafiti wake: jinsi polima zinavyoathiri utengenezaji wa chembe za nano za kauri ambayo, ikipozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kauri yenyewe ni ile iliyogunduliwa Marekani mwaka 1987, yenye itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Huanza kufanya hivyo kwenye nyuzi 181 hivi chini ya sifuri, kwa kipimo cha Selsiasi. Naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, yatosha kuipoza.

Neno lililonikwaza ni "kiongezeo". Kwa Mswahili, kiongezeo hubaki, kama rangi ndani ya soda. Polima hii haibaki. Chumvi za metali huyeyushwa majini pamoja nayo, na minyororo yake mirefu huzitenga chembe zisishikane zikawa madonge. Kisha mchanganyiko hukaushwa na kuchomwa. Polima yatakiwa iungue yote kabla tanuri halijafika nyuzi 900 hivi, joto ambalo kauri huumbika.

Nilimsomea nyanya rasimu. Yeye alizaliwa Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, na alikua akiona matumbawe yakichomwa kwa magogo ya mikoko ili kupata chokaa. Itriamu haijui, lakini tanuu analijua. Aliniuliza, "Na huo moshi wake waenda wapi, mwanangu?"

Swali hilo muhtasari wa Kiingereza ulilipitia kwa nusu sentensi. Polima imejaa kaboni. Ikiungua kwa pupa, au hewa ikiwa haba, kaboni hiyo hukamatana na bariamu ikawa kaboneti ya bariamu, ndugu wa matumbawe yenyewe, ambayo ni kaboneti ya kalisi. Tena ni ndugu mkaidi: matumbawe huachia hewa yake yakifikia karibu nyuzi 900, lakini hii ya bariamu hutaka joto kali zaidi. Mabaki yake hukaa mipakani mwa chembe na kuuzibia umeme njia. Nilipomweleza hayo, nyanya alisema kwamba chokaa yenye mawe mabichi haishiki ukuta. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Kwa hiyo ukizidisha polima ili chembe ziwe ndogo, umezidisha pia kaboni ya kuondoa. Joto lipandishwe polepole, na oksijeni ipite. Rafiki yangu aliongeza aya nzima kuhusu jambo hili.

Mimi niliandika "kitenganishi", kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mhadhiri mmoja alilikata kwa wino mwekundu, akarudisha "kiongezeo" kwa hoja kwamba ndilo lililozoeleka. Rasimu ya tatu iko mezani kwake sasa. Neno langu bado limo.