Kondoo wa Mama na saa yetu moja baada ya Alasiri



Safari hii hatuna habari za hina wala nguo za nikaha. Tuna kondoo. Wengi mmetuuliza tunakwenda wapi kila Jumatano tukirudi na mabuibui yamejaa vumbi, basi leo tunasema.

Mama alipozidiwa na magoti alitukabidhi, sisi binti zake wawili, kondoo wake 11 na eka moja ya shamba nje ya mji, hapa Unguja. "Hawa amana," akasema, hakuongeza neno. Mmoja wetu anasomesha skuli, mwengine ana cherehani na watoto watatu. Tukipata saa moja baada ya Alasiri tumeshukuru. Basi tukafanya lililo jepesi: tukawaachia shamba zima wajilishe.

Kumbe kondoo si mbuzi. Mbuzi hunyanyua kichwa akatafuta majani ya juu. Kondoo huinama akakata hadi karibu na mchanga, na majani yakichipua tu hurudi palepale, maana machanga ndiyo matamu. Ukoka ukawa kama umenyolewa, magugu wasiyoyataka yakastawi. Masika yalipokuwa yanamalizika wakaanza kukonda. Jike mmoja alivimba chini ya taya, uvimbe laini kama mfuko wa maji, akafa alfajiri ya Ijumaa.

Aliyetuzindua ni jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, aliyekuwa ameshalipia kondoo wa udhiya. Alimpapasa mgongo, akatutazama. "Wanangu, huyu hafai." Alisema kweli. Aliyekonda hadi uboho umemwisha hafai, kama asivyofai chongo, kiguru wala mgonjwa, ikiwa aibu hiyo iko wazi. Tulimrudishia pesa zake. Usiku ule tulimkumbuka yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyemfungia paka bila chakula, wala hatukuwa na la kujitetea, kwani "kazi nyingi" si jibu la kumpa Mola.

Bwana mifugo alipokuja aliwavuta ukope wa chini. Weupe, damu hakuna. Ni minyoo inayonyonya damu tumboni. Mayai yake hutoka na kinyesi, na kwa joto letu hili siku nne tano tu vijinyoo vishapanda kwenye majani yenye umande, chini kabisa, pale anapokata kondoo. Nyasi zikizidi kuwa fupi ndivyo anavyozidi kuimeza. Aliwapa dawa, lakini akatuonya: mkiwarudisha kwenye majani yaleyale mmetupa pesa, na mkiwanywesha wote kila mara minyoo itaizoea dawa.

Tukaigawa eka vipande sita kwa miti ya kupanda na nyavu kuukuu za uvuvi, na kila kipande tunakikata nusu kwa wavu wa kuhamishika. Jumatano na Jumapili tunawahamisha. Hivyo kila nusu inalala wiki tano na nusu hivi kabla hawajarudi, nyasi zinapanda, vijinyoo vingi vinakufa kwa kukosa tumbo la kuingia. Kuhamisha kwenyewe ni dakika ishirini. Saa iliyobaki tunatazama kope, na dawa anapewa mwenye ukope mweupe tu. (Nyavu zikagueni sana. Mwanakondoo mmoja alinasa shingo, tulimwahi kwa rehema za Allah.) Kiangazi nyasi hazioti hata uzibembeleze, kwa hivyo tunafunga vipande vyote ila kimoja na kuwakatia majani ya mfenesi na mlusina.

Mwaka huu bibi yule amepata kondoo wake. Alimpapasa tena, hakusema kitu, akatoa pesa.

Sasa mmoja wetu anaolewa, inshaallah. Posa ilipokuja alitoa sharti moja: Jumatano yake isiguswe. Jibu lilirudi kupitia kwa mama mkwe mtarajiwa, kwamba hakuna tabu, ila wanauliza kama kuna jike wa kuuza. Aliyekasirika ni somo. Anataka bibi harusi afungiwe siku saba na singo lake, asione jua. Tumemwomba Jumatano moja tu, jua likishapoa. Amekubali kwa shingo upande, na amesema yeye mwenyewe atakuja kusimama langoni na mwavuli.