Safari ya Indianapolis: Ngoma Zinazopewa Alama



Ndugu wasomaji, tunapenda kuwasimulia safari tuliyoifanya mwezi wa Agosti 2025, kutoka hapa Columbus, Ohio, hadi Indianapolis katika jimbo la Indiana, kwenda kuangalia fainali za mashindano ya vikundi vya matarumbeta na ngoma. Tunajua wako watakaoshangaa: watu wazima, wenye shughuli zao, wanafunga safari ya maili 175 kwenda kusikiliza ngoma? Sababu tulikuwa nayo. Kijana wetu wa miaka kumi na saba, mpiga ngoma katika bendi ya shule yake, alituomba ruhusa ya kujiunga na kikundi cha namna hiyo, nasi tulimkatalia mara mbili bila ya kukiona tulichokuwa tukikikataa. Mama yetu, ambaye ndiye bibi yake, akatuambia kuwa hukumu ya namna hiyo haina insafu. Basi Jumamosi ya tarehe 9 tukaondoka asubuhi, watu sita katika gari moja, kwa barabara kuu namba 70.

Njia nzima kijana wetu alikuwa na daftari lake magotini. Ndani yake ameandika alama za kila kikundi tangu mwisho wa Juni, mji baada ya mji, na akatufundisha namna zinavyohesabiwa. Jumla ni alama 100. Arubaini ni za athari ya onyesho lote kwa mtazamaji. Thelathini ni za mwonekano, yaani mistari, hatua na wapeperusha bendera. Na thelathini zilizobaki ni za muziki, yaani matarumbeta, ngoma, na namna vyote vinavyopatana. Majaji hutazama huku wakisema katika vinasa sauti, na walimu wa kikundi husikiliza baadaye: hapa mstari umepinda, pale tarumbeta imetangulia. Kesho yake asubuhi, juani, vijana hurudia mahali hapo hapo mpaka panyooke.

Juu ya alama hizo mashabiki hujenga bashiri zao, na kijana wetu ni mmoja wao. Alituonya, hata hivyo, kuwa alama zilizotolewa Texas na majaji hawa hazilingani moja kwa moja na zilizotolewa Georgia na majaji wale; ni lazima vikundi vikutane uwanja mmoja, usiku mmoja, ndipo mizani iwe sawa. Tena alama za usiku uliopita hazihesabiwi katika fainali; kila kikundi huanza upya. Akatupa mfano wa mwaka 2008, fainali zilipofanywa Bloomington, katika jimbo hili hili la Indiana. Phantom Regiment ya Rockford, Illinois, ilipata alama 98.125, na Blue Devils ya Concord, California, ikapata 98.100. Tofauti yao ilikuwa sehemu ishirini na tano za elfu ya alama moja! Seuze mtu akae garini aseme anajua nani atashinda.

Pamoja na onyo hilo, kila mmoja alitoa bashiri yake. Kijana wetu aliwachagua Bluecoats wa Canton, kwa kuwa ni wa Ohio kama sisi na ndio waliokuwa mabingwa wa 2024. Bibi aliuliza ni kikundi kipi kikongwe. Alipoambiwa kuwa Boston Crusaders kilianzishwa mwaka 1940, akasema, "Basi huyo ni wangu. Tumezaliwa mwaka mmoja." Tukacheka, tukamkumbusha kuwa elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Akajibu kuwa yeye hakutabiri, amechagua rafiki tu.

Tuliwasili mapema, na hilo ndilo tunalowausia wengine. Mchana, katika maegesho na viwanja vya karibu na mjini, vikundi hupasha moto viungo na ala zao, na mtu anaweza kusimama hatua chache kutoka kwa wapigaji. Tuliona vijana wanane au tisa wakipiga ngoma kwa vijiti, mikono yao ikipanda na kushuka kama ya mtu mmoja. Kijana wetu alisimama hapo karibu saa nzima bila kusema neno. Sisi tulikuwa tukiwatazama wale vijana. Mama yetu alikuwa akimtazama yeye.

Katika maegesho hayo tulizungumza na mama mmoja wa kujitolea, mpishi katika lori la jiko la kikundi. Alitueleza maisha yao bila kuyapamba. Mazoezi huanza mwezi wa Mei. Mashindano huanza Juni na kumalizika Agosti. Husafiri usiku kwa mabasi, hulala chini katika kumbi za michezo za shule, hufanya mazoezi mchana kutwa, na usiku huvaa sare wakaingia uwanjani. Ada ni maelfu ya dola. Mwenye umri wa zaidi ya miaka ishirini na moja msimu unapoanza hapokelewi tena. Tulimuuliza juu ya chakula cha kijana asiyekula nguruwe wala nyama isiyo halali. Akasema wamo wasiokula nyama kabisa, na hupikiwa chao. Muhimu ni kuambiwa mapema. Juu ya sala hakuwa na jibu, nasi hatukulitarajia kwake.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja kando ya gari, tukala sambusa na mikate ya kumimina tuliyobeba, kwani uwanjani hakuingizwi vikapu. Kisha tukaingia Lucas Oil Stadium, jumba lenye paa, linalochukua watu zaidi ya 60,000, ambamo fainali hizi zimekuwa zikifanywa tangu 2009, isipokuwa 2020 zilipofutwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na 2021 kulipokuwa na maonyesho yasiyo na mshindi.

Vikundi kumi na viwili vilipita kimoja baada ya kimoja, kila kimoja na dakika zake kumi na kitu. Hakuna zumari wala filimbi. Ni matarumbeta ya kila ukubwa, ngoma, marimba na bendera. Zaidi ya vijana mia hutembea kinyumenyume, hukimbia, hupishana kama nyuzi za mkeka, na sauti haiyumbi. Tarumbeta zote zilipogeuzwa kutuelekea tulihisi sauti kifuani kabla ya masikio, na mtoto wetu mdogo akajificha chini ya kanga ya bibi yake. Wenye watoto wachukue vya kuzibia masikio.

Bibi hakuona geni. Alitukumbusha beni ya Tanga ya utoto wake, ambayo jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, na ambayo watu wa pwani waliianzisha mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa kuiga bendi za askari: sare, vyeo, gwaride, na ushindani wa Marini na Arinoti. Babake alikuwa Marini. "Na nani alikuwa akitoa alama?" akauliza mjukuu wake. "Hapakuwa na alama," akajibu. "Marini walirudi nyumbani wameshinda, na Arinoti walirudi nyumbani wameshinda."

Karibu na saa tatu usiku jua lilipokuchwa, tulitoka kwa zamu kwenda kusali katika pembe ya ukumbi wa nje. Hakuna aliyetusumbua.

Mwisho vikundi vyote vilipangwa uwanjani, na matokeo yakasomwa kuanzia wa kumi na mbili. Bluecoats hawakulihifadhi taji lao. Walioshinda ni Boston Crusaders, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kikundi hiki kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Drum Corps International, chama kilichofanya mashindano yake ya kwanza mwaka 1972. Kikasubiri hadi 1999 kuingia fainali, na hadi 2025 kushika nafasi ya kwanza. Bibi alipiga kigelegele, na watu wa safu ya mbele wakageuka.

Usiku, tukirudi, kijana wetu alitueleza jambo ambalo halijatutoka. Zamani, mpaka msimu wa 1983, majaji walihesabu makosa: kila kosa lilikatwa sehemu moja ya kumi ya alama. Kuanzia 1984 waliacha, wakawa wanapima kile kilichojengwa. Hakusema zaidi. Lakini sisi tuliokaa mbele tulitazamana, kwani tulijua ni desturi ipi tunayomhukumia nyumbani: sala aliyoichelewesha tunaihesabu, na zile alizosali kwa wakati hatuziandiki popote.

Kabla ya kuvuka mpaka wa Ohio tulimpa jibu. Akajaribiwe majira ya baridi. Akikubaliwa, nusu ya ada ataitafuta mwenyewe kwa kazi. Atatuonyesha namna atakavyosali basini na mazoezini. Na chakula tutakiulizia sisi. Hofu yetu juu ya miezi ya kulala mbali na nyumbani haijaondoka, wala hatuifichi.

Yeye alishukuru, akafungua daftari, akaanza kuandika bashiri za 2026. Bibi alikuwa amekwisha lala.