Kisu Chenye Goti

Jumatatu, 7 Aprili 2025, Muheza

Leo nimebebesha miche 80, na wa 81 umenila kidole.

Kisu kilikuwa kile cha kukunja nilichonunua kwa machinga stendi mwaka juzi, chenye mpini mwekundu na urembo wa dhahabu ya uongo. Kwa nje kizuri. Kwenye bawaba kulikuwa na utomvu wa michungwa wa misimu miwili, mchanga wa kitalu, na uchafu mwingine mweusi ambao sitaki kujua asili yake. Kilikuwa hakifunguki mpaka ukipigepige pajani, na kikifunguka hakishiki. Nilikwisha kuchanja gome, nikawa nalifunua kwa ncha, kikajikunja chenyewe kama dirisha lililopigwa na upepo. Kidole cha shahada, fundo la kwanza.

Mama watoto alinifunga kitambaa kimya, na kimya chake ndiyo lawama yake kubwa. Jioni, akipepeta mchele, ndipo aliposema: "Kisu chenye goti lazima kitapiga magoti." Neno hilo nimeliandika hapa kabla sijalisahau nikaja kudai ni langu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa mhunzi, yule mzee anayefua majembe na miundu chini ya mwembe, njia ya Amani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikasema nataka kisu. Kikubwa kiasi gani? Nikamwonyesha kidole chenye kitambaa: bapa lisizidi hiki.

Alicheka mpaka kijana wake akaacha kuzungusha feni ya moto. "Umekuwa ngariba?"

Tukabishana juu ya chuma. Mimi nilibeba kipande cha springi ya gari, kwa sababu ndicho kila mtu anachokisifu. Mzee akakitupa kando. Springi ni ya panga, akasema, inavumilia kupigwa. Kwa kisu chembamba anataka tupa iliyokwisha meno, maana chuma chake ni kigumu na kinashika makali siku nyingi. Ila tupa ikiachwa ilivyo ni kama kioo, ukiidondosha sakafuni unaokota vipande viwili. Kwa hiyo anaipasha mpaka iwe nyekundu, anaifukia kwenye majivu ilale usiku kucha, na asubuhi inakuwa imelainika kiasi cha kukubali nyundo. Umbo likipatikana anairudisha motoni.

Hapo akanionyesha kitu nilichokipenda kuliko vyote: sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kikifika joto la kuzamishwa, sumaku hainasi tena. "Macho yangu yamezeeka," akasema, "na siku ya jua kali rangi ya moto inanidanganya." Sumaku ikikataa, anakizamisha kwenye mafuta. Maji yanapoza kwa ghafla mno, chuma chembamba kama hicho kinaweza kupasuka. Mwisho anakipasha tena kwa moto mdogo mpaka kitoke rangi ya nyasi kavu, ili ule ugumu wa kioo upungue.

Nimemwomba msuka usiishie katikati ya mpini. Upite hadi nyuma kabisa na ushikwe na misumari miwili. Mpini wa mpera. Shilingi 8,000. Nimelipa nusu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekichukua baada ya sala. Bapa sentimita 7, mpini sentimita 9. Mpini umelizidi bapa, na ndivyo nilivyotaka, maana kisu kinaweza kuwa kidogo lakini kiganja changu ni kilekile. Vile visu vya mapambo vyenye mpini wa vidole viwili vinachosha mkono kabla ya miche 30. Unene wa mgongo ni milimita 2 au pungufu kidogo. Kisu kinene kinapasua chungwa badala ya kulikata.

Mzee aliniuliza kama nataka makali ya upande mmoja, kama visu halisi vya kubebeshea, ambavyo upande wa pili uko bapa ili kuchonga jicho la kupachika kwa usawa. Nilifikiri, nikasema pande zote mbili. Kitakuwa kisu cha kutwa nzima, na kutwa yangu ina kamba, magunia, viroba vya mbolea, machungwa na kucha za vidole. Kwenye jicho nitatumia mkono mwepesi zaidi.

Ala nimejitengenezea. Fundi viatu alitaka kunishonea ya ngozi, nami naipenda ngozi, lakini masika haya ngozi inakunywa maji na kuyatunza, na chuma cha tupa kikilala ndani yake usiku mmoja kinaamka na kutu. Nimechukua kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakipasha juu ya jiko la mkaa (nje, moshi wake haufai) mpaka kikalegea kama chapati, nikakikunja juu ya kisu kilichozungushiwa gazeti, nikakibana kwa mbao mbili na kukikalia. Kimepoa kikiwa na umbo la kisu. Nikikisukuma ndani kinalia "tak", na nikikigeuza juu chini hakidondoki. Nimetoboa tundu chini maji yatoke.

Jumanne, 15 Aprili

Nimejiwekea mchezo wa kuhesabu mara ninazokitoa kwa siku. Leo mara 23, bila kuhesabu kitalu. Nyingi ni vitu vya kipuuzi mno kuvitaja. Uzi uliokuwa ukining'inia kwenye koti, mfuko wa sukari, kijiti kwenye meno (usimwambie mtu), utepe wa boksi la vifaranga, kamba ya mbuzi wa jirani iliyojizungusha kwenye mguu wake.

Ile ya mbuzi imenifanya niwaze. Mkono wa kushoto ulikuwa umemshika mnyama, anarusharusha, na wa kulia peke yake ukafanya yote. Nimevuta, nimekata, nimerudisha. Na kwa kile cha goti ningehitaji kumwachia mbuzi ili nipate mkono wa pili wa kukifungulia. Najua vipo vya kukunja vinavyofunguka kwa kidole gumba tu. Wafaransa wana Opinel tangu 1890, na mwaka 1955 walikitia pete ya kukikaza kisijikunje, kitu chema kabisa. Lakini pete nayo mchanga unaijua njia yake. Nchi za Kaskazini, Wafini kwa Waswidi, wamebaki na kisu chao kifupi cha ala wakakifanya nguo ya kila siku. Mtaliano mmoja wa misheni aliwahi kuniachia nishike chake cha Mora, mpini wa mbao nyekundu, kwa nusu saa. Nadhani wazo la kisu hiki lilinianzia hapo, miaka mingi nyuma.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri, kisha jua. Siku ya kubebesha hiyo. Gome la mlimau likiwa na maji linaachia lenyewe. Nachanja herufi T kiasi cha shibiri moja kutoka udongoni, nalifunua kwa ncha, napachika jicho la Valencia nililolichonga kwa mvuto mmoja, nafunga kwa utepe wa nailoni. Siri iko kwenye huo mvuto mmoja. Ukirudia mara ya pili, jicho linakuwa na bonde kwa chini, halilali kwenye mti, linakauka. Na mvuto mmoja hauji kwa kisu kinachocheza kwenye maungio yake hata unywele mmoja.

Jambo jingine ambalo sikuliwaza nilipokuwa nikigombana na bawaba: magonjwa. Kila nikibadili mti wa kuchuma vikonyo nafuta bapa kwa spiriti. Zamani nilikuwa nafuta bapa na kuacha uchafu wote ndani ya goti, kisha nakikunja, nakifungua, uchafu unarudi palepale. Nilikuwa napiga deki sebuleni huku jalala liko uvunguni.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jirani zetu Wakristo wameniletea jogoo watatu niwachinje, kama kila mwaka, ili wageni wao Waislamu nao wale. Nimechinja kwa kisu kidogo. Nilikinoa jana usiku, maana adabu inataka kinolewe mbali na macho ya mnyama. Kwa kuku bapa hilo linatosha na kubaki, mkono unakuwa karibu na shingo na unajua unachofanya. Mtoto wa jirani akauliza kwa nini situmii lile jisu kubwa la jikoni. Lile, nikamwambia, mara ya mwisho lilipopewa nyanya liliilaza badala ya kuikata.

Wamenirudishia paja na bakuli la pilau.

Alhamisi, 24 Aprili, Tanga

Kwa shemeji, Deep Sea. Nilikitoa kumenya embe akapaza sauti wenzake wasikie: "Tazameni silaha ya shemeji! Papa wote wamehama!" Wakacheka, nami nikacheka.

Kisha nikawatazama wao. Katika mashua nne zilizokuwa zimevutwa ufukweni sikuona kisu cha kukunja hata kimoja. Kila moja ilikuwa na kisu kifupi, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu, kimechomekwa kwenye ufa wa ubao karibu na nahodha. Nikamuuliza shemeji kwa nini pale. Akaacha mzaha. Akasema mshipi au kamba ya wavu ikishika mguu wa mtu huku wavu unazama, au ikijizungusha kwenye panga la mashine, hutafuti kisu, mkono unakwenda wenyewe. Chumvi ikikaa kwenye bawaba siku mbili tu, hicho cha kukunja si kisu tena, ni kijiwe.

Alikiomba akiangalie. Alikizungusha, akajaribu makali kwenye ukucha, akaparua magamba ya changu mmoja. Kwa magamba akakikataa, kimekuwa chepesi mno. Kwa kutoa matumbo alinyamaza, na kwa shemeji kunyamaza ni sifa.

Jumatatu, 28 Aprili

Aibu. Nilifuatilia karatasi za kiwanja katika ofisi moja mjini, nikasahau kwamba kiko kiunoni. Mlango wao una ile mashine ya kupiga kelele. Mlinzi, kijana mwenye umri wa mwanangu wa pili, akaniweka kando.

"Hiki cha nini, mzee wangu?"

"Cha kubebeshea michungwa."

Watu wa foleni wakageuka. Mwanamke mmoja akavuta mkoba karibu na kifua. Sikumlaumu. Usiku wa mjini kisu ni habari nyingine, nani atajua kwamba cha kwangu hakijawahi kutishia kitu kikubwa kuliko jogoo? Kisu kikitoka mahali pa kazi yake kinageuka kesi, na kosa lilikuwa langu. Nimejipangia: safari ya ofisi, benki, mahakama au boti ya Unguja, kinabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Na hata shambani nakivaa ndani ya shati, mpini tu unagusa mkono. Kukining'iniza nje watu wakione ni ujana.

Saa mbili baadaye natoka, namkuta mlinzi anamenya chungwa nacho. Ganda lilikuwa limetoka zima, mkunjo mmoja mrefu, limelala kwenye daftari la wageni. "Mzee, kinauzwa?"

Jumamosi, 3 Mei

Bapa limekuwa na madoa ya kijivu na bluu. Ni ndimu na machungwa. Mwanzoni nililisugua kwa majivu, nikaona nalipotezea chuma bure. Madoa hayo hayadhuru; kutu nyekundu ndiyo adui. Ratiba yangu kila jioni: kuosha, kukausha, tone la mafuta ya nazi. Mara moja kwa wiki kinoo chenye maji, pande zote mbili sawa, kisha mikwaruzo ishirini kwenye mkanda wa zamani wa suruali. Dakika tano. Nilikuwa natumia zaidi ya hizo kuchokonoa bawaba kwa sindano.

Nimefungua nailoni za 7 Aprili, zimetimiza wiki tatu na ushee. Kati ya ile 80 ya kisu chekundu, macho 51 ni mabichi. Jirani zao wa tarehe 11 na 12, waliokatwa kwa kipya, 80 pia: 72. Nilitaka kumkimbilia mhunzi na habari hiyo. Kisha nikakumbuka kwamba mvua ilizidi siku zile za kisu kipya, gome lilikuwa laini zaidi, na mimi mwenyewe tarehe 7 nilikuwa na haraka. Nikigawa kwa haki, kisu kipate nusu ya sifa. Labda na chembe ya nusu nyingine.

Jumapili, 11 Mei

Nimeingiza mkono ndani ya shati mara tatu asubuhi hii na kukuta ngozi tu. Kitalu kizima nimezunguka nikiangalia chini kama kuku. Kumbe binti yangu wa mwisho, aliyekuja likizo, alikichukua jana kukata nailoni na hajakirudisha. Nimemkuta chini ya mlimau wa kona, amechuchumaa, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, anachonga jicho. Mvuto mmoja. Ameshafunga miche 16.

Nilisimama nyuma yake muda, sikumwambia kitu. Kisha nikachukua tupa mbili kuukuu chini ya kabati, nikashika njia ya Amani.

Mzee alizipokea, akazigonga moja kwa nyingine kusikiliza mlio. "Kidole kilekile?"

"Hapana. Cha binti."

"Basi mlete mwenyewe kesho," akasema. "Nipime na kiganja."