Mshika Ratiba

Nilipoanza kazi ya uprodyuza wa magemu jijini Nairobi mwaka 2011, watu wengi waliposikia cheo changu waliniuliza ninarekodi wasanii gani. Hawakuwa mbali na ukweli. Cheo hiki kilitoka kwenye muziki. Trip Hawkins alipoanzisha kampuni ya Electronic Arts huko California mwaka 1982, aliwachukulia watengenezaji wa magemu kuwa wasanii, akayauza magemu yao ndani ya majalada yanayofanana na ya santuri, na kila kundi akalipatia prodyuza wa kulisimamia. Prodyuza huyo haandiki programu wala hachori. Kazi yake ni kuhakikisha gemu linakamilika.

Kwangu mimi kukamilika kulikuja kwa sura ya jedwali la Excel. Safu ya kwanza majina, ya pili kazi, ya tatu tarehe. Kila asubuhi nilipita meza hadi meza nikiuliza, "Itakuwa tayari lini?" Kijana wa programu akisema Ijumaa, niliandika Ijumaa. Ofisi yetu ilikuwa Ngong Road, barabara ileile yenye Bishop Magua Centre, ambako kituo cha teknolojia cha iHub kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2010, na vijana wa kompyuta walijaa mtaa mzima na mikoba yao mgongoni. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009. Mwaka huohuo injini ya Unity ilianza kutolewa bure, kwa hiyo mtu mwenye kompyuta ya wastani aliweza kujenga gemu bila kununua chombo cha gharama. Mifano tulikuwa nayo pia: Wesley Kirinya alikuwa ametoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts mwaka 2009. Vipaji vilikuwapo na vifaa vilikuwapo. Waliokosekana ni watu waliowahi kulishika gemu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ambao ningeweza kuwauliza.

Basi nilijifunza kwa kusoma na kwa kuumia. Vitabu vilitupa hatua: wazo, mfano wa kwanza, kisha kipande kimoja kifupi kilichokamilika kila kitu, picha, sauti na uchezaji, ili anayetoa fedha aonje gemu zima litakavyokuwa. Baada ya hapo inakuja alfa, ambapo kila kitu ambacho gemu linaweza kufanya kiwe kimeshaingizwa, hata kama kinayumba. Beta ni ya kurekebisha tu. Kwenye karatasi hatua hizi ni safi kabisa. Ofisini, mteja aliweza kupiga simu katikati ya beta akataka mhusika mpya mwenye mabawa.

Mradi wetu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa mteja wa ng'ambo, na aliivuta tarehe ya kutolewa kwa gemu ije mapema kwa zaidi ya mwezi bila kupunguza chochote kwenye orodha. Uongozi ukakubali. Tuliingia kwenye kukesha. Magodoro yaliletwa chumba cha mikutano, chai ikachemka usiku kucha, stima ikipotea jenereta ilinguruma hadi alfajiri. Gemu lilitoka siku iliyotakiwa, na tukapigiwa makofi. Wiki chache baadaye kiongozi wetu wa programu, kijana aliyekuwa na akili ambayo sijaiona tena kwa mwingine, aliniletea barua ya kuacha kazi. "Dada, sina tatizo na mtu," aliniambia. "Nikifungua kompyuta tu mikono inatetemeka." Leo anauza vifaa vya ujenzi Thika na ana familia nzuri. Kwenye magemu hakurudi kamwe.

Huyo kijana ndiye aliyebadilisha kazi yangu. Nilirudi kwenye orodha ya hitilafu za mradi ule na kuisoma upya, moja baada ya nyingine, nikiangalia saa ambayo kila rekebisho liliingizwa. Mengi ya yale yaliyoingizwa baada ya saa sita usiku yalirudi tena kama hitilafu mpya, mara nyingine mbaya kuliko za awali. Tulikuwa tunalipa usiku wetu kununua makosa. Tangu hapo safu ya tarehe ilianza kunionyesha kitu kingine: nani amebeba kazi za watu watatu, nani hajaenda nyumbani kwao Krismasi mbili mfululizo, nani ameanza kunyamaza vikaoni.

Wala jambo hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 2004 mke mtarajiwa wa mfanyakazi mmoja wa Electronic Arts aliandika barua ya wazi kuhusu saa za kazi zilizokuwa zikimmaliza mwenzake, na tasnia nzima ikatikisika. Kesi zikafuata, na kampuni ikakubali kuwalipa wachoraji dola milioni 15.6 na waandishi wa programu dola milioni 14.9. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwamba hata kwa wenye fedha na uzoefu, tarehe iliyopangwa vibaya hulipwa na mwili wa mtu.

Hapo ndipo nilipojifunza kukata. Naliona hili kuwa jambo gumu kuliko yote katika kazi yangu, maana kinachokatwa ni kitu ambacho mtu amekipenda. Mchoraji ameshinda miezi akichora soko la Lamu lenye punda, vibanda na watoto wanaokimbia, halafu mimi ndiye ninayekaa naye nimwambie ngazi hiyo ya gemu haitaingia. Nilijifunza kulisema mapema, wakati bado ni michoro ya penseli, na kulisema uso kwa uso, nikiwa na sababu mkononi. Nilijifunza pia kumpa mteja chaguo badala ya ahadi: mhusika mwenye mabawa aingie, basi ngazi mbili zitoke, au tarehe isogee. Wengi wao, wakiona mizani wazi, huchagua vizuri. Mwanzoni waliniona mkaidi. Baadaye walianza kunitafuta kabla ya kutia saini mkataba, wanisomee orodha niwaambie kipi hakitawezekana.

Simu nazo zilinifundisha. Gemu letu lilikuwa laini kwenye simu za ofisini, lakini malalamiko yalikuja kwa wingi: linakwama, linazima, linamaliza chaji. Nilishuka Luthuli Avenue kununua simu za zamani, Tecno za bei ya chini, Huawei Ideos zilizokwisha rangi, nyingine zenye vioo vilivyopasuka. Muuzaji alinitazama kwa huruma. "Dadangu, hizi zote za nini? Hata kwa spea hazifai." Zilifaa sana. Tulizipanga kwenye meza moja karibu na dirisha, na nikaweka sharti kwamba hakuna toleo linalotoka kabla halijachezwa kwenye meza ile kwa nusu saa bila kuzima. Wachoraji walilalamika kwa sababu ilibidi picha zao zipunguzwe. Lakini wachezaji wetu walikuwa na simu za namna hiyo, na walinunua bando ya siku kwa sarafu. Google Play iliruhusu faili la programu lisilozidi megabaiti 50, na mwaka 2015 ikapandisha hadi 100. Sisi tulibaki chini sana ya hapo kwa makusudi, maana kila megabaiti ilikuwa inatoka mfukoni mwa mtoto wa shule.

Lugha ilikuja na mzigo wake. Tulipoamua gemu lizungumze Kiswahili kwanza, si kuongezewa Kiswahili mwishoni, ilionekana fomula za programu hazitujui. Kompyuta ilikuwa na sentensi moja tu ya kila kitu, jina la kitu kisha "imepatikana". Binti aliyekuwa akitujaribia gemu, mzaliwa wa Mombasa, alicheza dakika chache akaiweka simu chini. "Kisu imepatikana? Mkuki imepatikana? Nyanyangu akisikia hivi atanifukuza nyumbani." Ilibidi kila kitu kwenye gemu kiandikiwe ngeli yake: kisu kimepatikana, mkuki umepatikana, embe limepatikana, samaki amepatikana. Kazi hiyo ilichukua muda ambao haukuwa kwenye ratiba, na niliutafuta kwa kukata mahali pengine. Sijutii hata saa moja. Mtoto anayecheza gemu kwa saa nyingi anajifunza lugha ya gemu hilo, na sikutaka jina letu liwe kwenye Kiswahili kibovu.

Katika miaka hiyo magemu yenyewe yalianza kukosa mwisho. Zama za kaseti na diski, gemu likishapelekwa kiwandani lilikuwa limefungwa. Hitilafu iliyobaki ilibaki. Kwenye simu, siku ya kutoa gemu ikawa siku ya kwanza tu. Kuna matoleo mapya, matukio ya Idi na Krismasi, masharti mapya ya duka la Google Play, kama lile la Agosti 2019 lililotaka programu ziwe na toleo la biti 64. Ratiba iliyokuwa na mstari wa mwisho ikageuka mzunguko, na mimi nikaacha kupanga mbio za kumaliza, nikaanza kupanga mapumziko. Baada ya kila toleo kubwa, wiki moja haiguswi na mtu.

Kazi za ng'ambo ziliendelea kutulisha kati ya magemu yetu wenyewe. Vancouver, walikokuwa baadhi ya wateja wetu, ilikuwa nyuma ya Nairobi kwa saa 10 au 11 kufuatana na msimu, hivyo kikao chao cha saa nne asubuhi kilituangukia saa mbili au saa tatu usiku. Nilipigania zamu: anayeingia kikao cha usiku haonekani ofisini kabla ya mchana. Vyombo vya kazi vilibadilika haraka, Trello, Jira, kisha Slack, ambayo yenyewe ilizaliwa na watengenezaji wa gemu la Glitch lililofungwa mwaka 2012. Corona ilipoingia Kenya Machi 2020 na kila mtu akapeleka kompyuta yake nyumbani, vyombo hivyo vilitubeba. Lakini havikuniambia nani amenyamaza. Nililazimika kupiga simu, moja moja, kuuliza hali za nyumbani kabla ya kuuliza hali ya kazi.

Katikati ya haya yote Afrika ilitoa magemu. Nairobi X ya Andrew Kaggia ilitoka mwaka 2015, wageni kutoka anga za juu wakiuvamia mji wetu. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, baada ya kuchangisha fedha kwa watu wa kawaida. Huwa ninayacheza magemu kama haya hadi mwisho, kisha nasoma orodha ya majina yote, nikimtafuta aliyefanya kazi kama yangu.

Nasikia studio changa zikisema prodyuza ni anasa, ataajiriwa fedha zikipatikana. Nawaomba wenye studio hizo wafanye kinyume. Mwajirini kabla ya mchoraji wa pili. Mpeni nafasi kwenye meza ya mkataba, mamlaka ya kukata kitu na kumwambia mteja hapana, na jina lake liandikwe pamoja na ya wengine wote waliolitengeneza gemu.