Masomo ya Bure Kibandani Majengo

Nilianza kazi mtaa wa Majengo nikiwa fundi simu: kubadilisha vioo, kuflashi, kusajili laini. Baadaye nikaongeza uwakala wa pesa, na uwakala ndio ulionisukuma kusomea usalama wa mtandao. Kila msimu wa mahindi, wakulima wakishauza, dirishani kwangu hakukosekana aliyepokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, na hela imeshakwenda. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Ada ya chuo sikuwa nayo. Nilianza na tovuti ya mazoezi ya OverTheWire, hasa mchezo wake wa Bandit, na mpaka leo vijana nawaanzishia hapo. Unaingia kwa SSH kwenye kompyuta iliyo mbali, jina bandit0, nywila bandit0, kisha unasaka nywila ya ngazi inayofuata. Mara imefichwa kwenye faili lenye jina la ajabu, mara imezama katikati ya mistari mingi inayofanana. Ni maandishi matupu, hivyo bando dogo linatosha, na kompyuta si lazima: programu ya Termux kwenye simu ya Android inafanya kazi hiyo. Video za Professor Messer nazo ni bure na zinafundisha vizuri, ila zinakula bando, hivyo nilizipakua usiku.

Umeme wetu wa kutoka Zambia ukikatika, nilisoma kitabu cha Ross Anderson wa Cambridge, Security Engineering. Toleo lake la pili, la 2008, limewekwa mtandaoni bila malipo. Karibu na mwanzo kuna sura nzima kuhusu saikolojia, jinsi mlaghai anavyomwendea mtu na kuiacha mashine. Humo niliwaona wateja wangu. Mwizi wa huku havunji nywila, anaiomba. Tangu hapo, mama akija kutuma hela nyingi, nilimwuliza kwanza: “Mama, namba hii umeipata wapi? Umesikia sauti ya mwenye namba?” Ukutani nikabandika namba 15040, ya kuripotia ujumbe wa matapeli, na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Vijana huja na viungo vingi vya masomo ya mtandaoni walivyokusanya. Nawaambia wachague kimoja, wakimalize. Na mazoezi yafanyike mahali palipotengwa kwa mazoezi tu, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabu mhalifu anayeingia mfumo wa mtu bila ruhusa, hata kama hajachukua senti.

Binti mmoja wa hapa mtaani amekwama ngazi ya 12 ya Bandit, kwenye faili lililobanwa, likabanwa tena na tena. Majibu yamejaa mtandaoni. Hataki kuyaona.